Daftari la Mapishi na Historia ya Jiko

Historia ya watu haimo katika vita na mikataba peke yake. Imo pia jikoni. Katika makala haya tungependa kuwaonyesha walimu wenzetu kwamba daftari la mapishi, lile lililoandikwa kwa mkono na kurithiwa na binti kutoka kwa mama yake, ni hati ya historia na ya lugha pia. Lakini hati hiyo ina upungufu, na upungufu huo darasa la Kiswahili laweza kuujaza.

Zamani, katika pwani ya Afrika ya Mashariki, mapishi hayakuwa na daftari. Sababu moja ilikuwa elimu. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 kwamba wasichana walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Si kwamba hapakuwa na wanawake wenye kutunga: Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake utendi mashuhuri mwaka 1858. Lakini alichomwandikia ni adabu na maisha ya ndoa, wala si vipimo vya chumvi. Upishi ulifunzwa kwa mkono: binti alikaa karibu na mafiga, akatazama, akaonja, akakosolewa.

Mwaka 1927 shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja, na kadiri shule za namna hiyo zilivyoongezeka, kalamu nayo iliingia jikoni. Hapo ndipo vipimo vilipoanza kusema. Nafaka ilikuwa ikipimwa kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Kisha zikaja ratili na wakia. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, kilo, gramu na lita zikashika nafasi. Kando ya vipimo hivyo vya dukani wapishi waliweka vyao wenyewe: kikombe cha chai, kijiko, kopo la maziwa. Daftari lililoanzwa na bibi na kuendelezwa na mjukuu huonyesha mabadiliko hayo ukurasa kwa ukurasa.

Chakula chenyewe nacho kina historia yake. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili kali, ambavyo leo twaviita vyakula vya asili, vyote vilitoka Amerika, vikaenea kwetu katika karne zilizofuata kuja kwa Wareno mwaka 1498. Chapati na achari zilitoka Bara Hindi pamoja na majina yake. Njia za misafara nazo zilipeleka upishi wa pwani bara, hata Tabora na Ujiji. Na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura lugha ya Kiswahili na pilau ni majirani wa siku nyingi. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kulia kila jiko linapobadilika. Jiko halikuacha kubadilika hata siku moja.

Kinachotusikitisha ni kingine. Daftari huhifadhi kiasi, lakini mara nyingi hupoteza kitendo. Huandikwa kwa ufupi, «Pika wali kwa nazi», kwa kuwa mwandishi alijua yaliyobaki. Yaliyobaki ni haya: nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa, na tui huchujwa kwa kifumbu; tui zito hutengwa na tui jepesi, na chicha huwekwa kando. Mchele hupetwa na kuchambuliwa. Chungu huteleka, na maji yakikauka wali hupaliwa, yaani makaa huwekwa juu ya kifuniko ili uive kwa moto wa juu na wa chini. Kisha huepuliwa na kupakuliwa. Katika mchuzi, tui zito hutiwa mwisho na kukorogwa polepole lisije likakatika. Kila kitenzi hapa ni somo zima. Siku hizi nazi husagwa kwa mashine au hununuliwa ikiwa tayari, na jiko la gesi halina makaa ya kupalia. Kifaa kikiondoka, kitenzi chake hubaki bila makao.

Wanafunzi wetu wengi, hasa huku ambako Kiswahili hujifunzwa zaidi vitabuni, wanalijua neno «kupika» na kukomea hapo. Twapendekeza basi kila mwanafunzi apewe kazi ya kumwendea mzee mmoja, wa kwao au wa jirani, amwombe aeleze chakula kimoja tangu kuteleka hata kupakua, na aandike maneno yale yale aliyoyasikia. Penye lugha nyingine ya nyumbani, aandike kwanza kwa lugha hiyo, kisha darasa zima litafute Kiswahili chake. Mzee akisema «chumvi kiasi», mwanafunzi asiridhike. Aulize kiasi hicho hujulikanaje, kwa ulimi, kwa jicho au kwa kiganja. Jibu hilo halimo katika daftari lolote, na walio nalo wanapungua kila mwaka.