Kadi mpya zikitoka

Vijana wenzangu, mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ulianza Marekani mwaka 1993, ukabuniwa na Richard Garfield. Kila mchezaji anapanga fungu lake kwa kadi anazomiliki. Sasa walionunua mapema walikuwa na kadi kali kama Black Lotus, wageni hawakuzipata tena dukani. Wangeshinda vipi?

Mwaka 1995 yakawekwa mashindano ya aina ya pili, ya kadi za matoleo ya karibuni tu. Toleo jipya likitoka, hata bingwa anapanga upya kadi zake 60. Kadi za zamani zikabaki na mashindano yake. Hakuna aliyenyang'anywa kitu, ila mgeni akapata nafasi.

Na kwenye vikundi vyetu hapa kambini, aliyefika mwezi jana naye acheze.