Tony na Komeo la Lango

Mbwa akifungua mlango kwa pua, sote husema, "Huyu ana akili kama mtu!" Mwaka 1882 George Romanes alichapisha hapa Uingereza kitabu kizima cha visa vya wanyama wenye akili. Vinachekesha kweli, ila wengi waliovisimulia waliona mwisho tu.

Conwy Lloyd Morgan, mwalimu wa chuo huko Bristol, aliona mwanzo. Mbwa wake Tony alipenda kuchungulia barabarani, kichwa amekipenyeza katikati ya vyuma vya uzio. Siku moja kichwa kiliinua komeo kwa bahati, lango likafunguka, naye huyoo! Ilichukua karibu wiki tatu kabla hajazoea kwenda moja kwa moja penye komeo. Mpita njia wa siku hiyo angeapa kuwa Tony amefikiri. Lakini Tony huyohuyo, akibeba fimbo mdomoni, alikwama kwenye vyuma kwa kuwa fimbo imekingama.

Mwaka 1894 Morgan akaandika kanuni yake: tendo la mnyama lisielezwe kwa akili ya juu iwapo ya chini inatosha. Wapo wanaoiona kuwa dharau kwa mbwa. Sisi hatuoni hivyo. Tunawajua wanafunzi walioliacha somo la takwimu kabla ya wiki tatu.