Udongo wa Logiri uliokosa mapumziko

Wapo wanaosema plau ndiyo iliyochosha udongo wa Uganda. Hoja hiyo ina nguvu ukiisikilizia Teso, ambako maksai walianza kufundishwa kuvuta plau karibu na mwaka 1910. Ila ukiipeleka Logiri, katika kaunti ya Vurra karibu na mpaka wa Kongo, inaanza kupwaya. Huko watu wamebanana, vishamba ni vidogo, na jembe la mkono halijawahi kuachia nafasi yake. Hata hivyo udongo nao umechoka. Kwa hiyo mshtakiwa lazima atafutwe kwingine, na historia inaonyesha pa kumtafuta.

Mwaka 1903, Kenneth Borup wa Uganda Company alipoleta mbegu za pamba, West Nile, eneo ilimo Logiri, haikuwa sehemu ya Uganda. Ilikuwa sehemu ya Lado, mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ikahamishiwa Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914. Pamba ilichelewa kufika, ikashika zaidi nyanda za upande wa Nile. Kutoka nyanda za juu, iliko Logiri, vijana wa Kilugbara walikwenda kutafuta pesa za kodi kwenye mashamba ya Buganda na ya miwa. Nionavyo, safari hizo ziligusa udongo kuliko chombo chochote: waliobaki walipungukiwa mikono ya kufyeka konde jipya, watu wakaongezeka, na konde la karibu na nyumba likalimwa kila mwaka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Serere walipendekeza shamba lilimwe miaka mitatu, kisha lipumzike miaka mitatu chini ya nyasi. Mwenye ekari moja na watoto saba atalipumzisha lipi?

Kutifua kunadhuru, sikatai. Udongo ukigeuzwa, hewa huingia, vijidudu huila mboji upesi, na matone ya mvua huupiga ukaganda juu. Pale inapolimwa, pamba huongeza hatari, maana hukawia kufunika ardhi, hivyo mvua nzito za Agosti huikuta nusu uchi. Mzizi wake mkuu hutaka kushuka chini sana, lakini kulima kwa kina kilekile kila msimu hutengeneza tabaka gumu. Si plau pekee inayofanya hivyo. Jembe la mkono nalo hujenga sakafu yake, sentimita chache tu chini. Halafu kanuni za pamba zikaagiza mashina yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno, ili viwavi wasivuke msimu. Lilikuwa agizo la busara, ila shamba lilibaki wazi.

Watetezi wa kilimo hifadhi husema: chimba mashimo ya kupandia tu, tandaza mabua, magugu yadhibitiwe kwa dawa. Wapinzani hujibu kwamba magugu huongezeka misimu ya mwanzo na dawa ni ghali. Wana haki, lakini jibu lao linaonyesha ugumu wa kuanza tu; halithibitishi kwamba njia yenyewe ni mbovu. Pingamizi zito zaidi ni la matandazo. Mashina ya pamba huchomwa, mabua ya mtama huliwa na mbuzi au kupikiwa, na mchwa humaliza yaliyosalia. Kuacha kutifua bila kupata kitu cha kufunika ardhi humwachia mkulima udongo mgumu usio na mboji. Kunde au maharagwe yakipandwa katikati ya mistari hufunika bila kudai ekari ya pili, na mwenye kishamba atavuna cha kula hata bei ya pamba ikianguka.