Susannah Cibber na solo iliyofungua magereza ya Dublin

Saa sita mchana, Jumanne ya tarehe 13 Aprili 1742, watu wapatao 700 walibanana katika ukumbi wa muziki wa Fishamble Street, Dublin, ambao kwa kawaida ulichukua watu 600. Waandaaji waliyaona hayo mapema. Kupitia magazeti waliwaomba akina mama waje bila zile fremu za kutanua magauni, na wanaume wasije na panga kiunoni, ili kila shubiri ya benchi ipate mtu. Mapato yote yalikuwa ya sadaka: sehemu kwa Hospitali ya Mercer, sehemu kwa hospitali nyingine iliyotibu maskini, na sehemu ya kuwalipia madeni watu waliofungwa kwa kushindwa kuyalipa.

Kilichoimbwa siku hiyo kwa mara ya kwanza ni Messiah, yaani Masihi, oratorio ya George Frideric Handel. Aliitunga London kwa siku 24, kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741, juu ya maneno ya Biblia yaliyopangwa na rafiki yake Charles Jennens. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kazi hii kwa kipande kimoja, Aleluya, ambayo kwaya zetu huifanyia mazoezi ya wiki nyingi kabla ya Pasaka na Krismasi. Ni haki yake kupendwa. Lakini zaidi ya nusu ya vipande vya Masihi havikuandikwa kwa kwaya. Vimeandikwa kwa mtu mmoja anayesimama mbele ya watu, akiwa na sauti yake na ala chache tu. Na huko Dublin, mtu aliyekumbukwa kuliko wote alikuwa mwanamke ambaye London ilishamkataa.

Susannah Cibber alizaliwa mwaka 1714, dada wa mtunzi Thomas Arne. Aliolewa na Theophilus Cibber, mwigizaji aliyezama katika madeni. Mume huyo alimkaribisha nyumbani tajiri mmoja, William Sloper, akafaidi fedha zake huku akijua fika kinachoendelea kati ya Sloper na mkewe. Uhusiano ulipokuwa wa kweli, na Susannah akaamua kuondoka, mume akakimbilia mahakamani. Katika kesi ya Desemba 1738, shahidi aliyekuwa amejificha chumba cha pili alieleza mbele ya watu wote kila alichokiona. Mahakama haikumwonea huruma sana mume: alidai pauni 5,000, akapewa 10. Mwaka uliofuata alishtaki tena, akapata 500. Aliyeumia hasa ni mke. Maelezo ya kesi yalichapishwa na kuuzwa mitaani, naye akatoweka kwenye majukwaa ya London.

Mwishoni mwa 1741 alivuka kwenda Dublin kuigiza. Handel alikuwa amekwisha kufika huko tarehe 18 Novemba kwa mfululizo wa maonyesho. Hakuja na nyota wa opera ya Kiitaliano, waliokuwa wakilipwa fedha nyingi mno London. Alikuwa na Christina Maria Avoglio, soprano aliyemsifu sana katika barua kwa Jennens. Sauti za kiume, za solo na za kwaya, alizitafuta katika makanisa makuu mawili ya mji, Christ Church na St Patrick's.

Hapo mpango ulitaka kukwama. Mkuu wa St Patrick's alikuwa Jonathan Swift, mwandishi wa safari za Gulliver, ambaye wakati huo alikuwa mzee mwenye afya mbovu. Januari 1742 alitoa agizo kali la kuwazuia waimbaji wake wasiende kuimba pamoja na wapiga fidla wa Fishamble Street. Baadaye alilegeza, wakaimba. Ila hofu yake isidharauliwe. Swali la nani anastahili kuimba Neno, na aliimbie wapi, linaulizwa hadi leo katika vikao vya wazee wa kanisa, na wanakwaya wetu wengi wamewahi kutengwa na kwaya kwa makosa madogo kuliko ya Susannah Cibber.

Sauti yake haikuwa kubwa. Charles Burney, mwanahistoria wa muziki wa karne ile, aliilinganisha na uzi mwembamba, akasema pia kwamba elimu yake ya muziki ilikuwa ndogo. Inaelezwa kuwa noti zilimpa shida, na Handel mwenyewe akakaa naye kumfundisha. Hata hivyo Burney alikiri kwamba aligusa mioyo pale ambapo waimbaji wenye sauti kubwa na ufundi mwingi walishindwa, kwa sababu aliyaelewa maneno na alikuwa na hisia za kweli. Alikuwa mwigizaji, na neno halikupita kinywani mwake bila yeye kujua linabeba nini.

Handel alimpa solo ya alto katika sehemu ya pili, ile inayomweleza mtu aliyedharauliwa na kukataliwa na watu. Iangalie ilivyoshonwa. Mwimbaji anatamka maneno machache, ananyamaza. Fidla zinajibu kwa noti mbili tatu, zinanyamaza. Anaanza tena, anakatika tena, na kuna mahali sauti inabaki peke yake kabisa, hakuna ala ya kuishikilia. Katikati mambo yanageuka: fidla zinapiga haraka na kwa mkato, pigo juu ya pigo, huku mwimbaji akisimulia mgongo uliotolewa kwa wapigao. Halafu inarudi ile ya mwanzo, polepole, na yale maneno yaliyokwisha kusikika sasa yanasikika baada ya mapigo. Hakuna noti ya juu ya kuombea makofi. Mwenye sauti kubwa asiye na subira anaiharibu solo hii ndani ya dakika moja.

Na ukumbi mzima ulijua nani anayeiimba. Inasimuliwa kwamba Dk. Patrick Delany, kasisi wa St Patrick's, aliinuka kwenye kiti chake na kutamka kwa sauti kwamba kwa kuimba hivyo mwanamke yule asamehewe dhambi zake zote. Mimi naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa magazetini. Kasisi wa kanisa lile lile lililotaka kuwazuia waimbaji wake alisimama na kumsemea mwenye kashfa.

Handel, kiongozi wa fidla Matthew Dubourg, Avoglio na Cibber hawakuchukua malipo. Zilipatikana takriban pauni 400, na wafungwa 142 wa madeni wakatoka gerezani.

London haikuipokea Masihi kwa ukarimu huo. Handel alipoipeleka katika ukumbi wa Covent Garden, Machi 1743, akiwa tena na Cibber na Avoglio, wapo waliochukizwa kusikia Maandiko yakiimbwa na waigizaji katika jumba la maigizo. Hata kwenye matangazo jina la Masihi liliachwa, ikatajwa tu kuwa ni oratorio mpya takatifu. Mambo yalibadilika Mei 1750, ilipoimbwa katika kanisa la Foundling Hospital, makao ya watoto waliotupwa. Watu walifurika, wengine wakarudishwa mlangoni, ikabidi irudiwe tarehe 15 mwezi huo. Ikawa desturi ya kila mwaka.

Kwa mwaka huo wa 1750 Handel aliandika upya baadhi ya solo kwa ajili ya Gaetano Guadagni, Mwitaliano aliyehasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Ndivyo alivyofanya kazi: mwimbaji akibadilika, solo nayo ilikatwa na kushonwa upya. Na hao wa solo hawakukaa mbali na kwaya. Vitabu vya sauti vya Foundling Hospital vinaonyesha kwamba waliimba pia vipande vya kwaya pamoja na wenzao, kwaya yenyewe ikiwa na watu wasiofika 20. Umbali ulikuja baadaye, watu walipopenda ukubwa. Mwaka 1784 waimbaji na wapigaji zaidi ya 500 walikusanyika Westminster Abbey kumkumbuka Handel, na kufikia 1859, katika Crystal Palace, walizidi 2,000. Mbele ya umati huo, solo ya kukatika na kunyamaza ilikosa pa kupumulia.

Walimu wa kwaya, mkishaipanga Aleluya ya mwaka huu, ongezeni na ile solo ya alto. Maneno yake yamo katika Isaya 53:3 na 50:6, na Biblia ya Kiswahili tunayo. Mchagueni mwimbaji kwa anavyosoma mistari hiyo miwili kwa sauti ya kawaida, kisha mfundisheni noti taratibu kama Handel alivyofanya.