Kazi Hukaa Wapi Mtandao Ukikatika? Historia Fupi ya Terminali Nyepesi, 1984–1999

Historia ya terminali nyepesi, yaani vifaa vya mezani vyenye uwezo mdogo vinavyotegemea nguvu za kompyuta iliyo mbali, huelezwa mara nyingi kama historia ya bei. Bei ilikuwa na nafasi yake. Hata hivyo, insha hii inadai kwamba suala zito zaidi lilikuwa mahali inapotunzwa hali ya kazi ya mtumiaji.

Mwaka 1984, Robert Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa X katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ambako Mradi wa Athena ulikuwa ukieneza kompyuta kwa wanafunzi. X iliwezesha programu kuendeshwa katika kompyuta moja na madirisha yake kuchorwa kwenye skrini ya nyingine. Kufikia mwishoni mwa muongo huo, terminali za X zisizo na diski zilikuwa sokoni. Istilahi za mfumo huu huwakanganya wasomaji hadi leo: seva ni ile iliyo mbele ya mtumiaji, kwa kuwa ndiyo inayotoa huduma ya skrini, kibodi na kipanya, programu iliyo mbali ndiyo mteja. Mkanganyiko huo si wa maneno matupu. Unadhihirisha kwamba X iliacha sehemu muhimu ya kumbukumbu mezani pa mtumiaji. Terminali ilipozimwa, programu ya mbali kwa kawaida ilikufa, pamoja na kazi ambayo haikuwa imehifadhiwa. Isitoshe, maswali na majibu mengi baina ya pande hizo mbili yalivumilika katika mtandao wa kasi wa chuoni. Kwa laini ya simu yalichosha.

Maabara ya utafiti ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, ilishika njia nyingine. VNC, iliyotolewa kwa leseni huria mwaka 1998, haikutuma amri za kuchora bali vipande vya picha vilivyobadilika. Kwa aliyezoea X, huo ungeonekana ubadhirifu, na mara nyingi kwa hesabu ya baiti angekuwa sahihi. Lakini kifaa cha mezani hakikuwa na chochote cha kupoteza: mtumiaji aliyekatikiwa na mtandao aliweza kujiunga tena kutoka meza nyingine na kukuta kishale palepale alipokiacha.

Mwaka 1999, Sun Microsystems ilileta sokoni Sun Ray kwa mantiki hiyohiyo. Mtumiaji alichomoa kadi yake katika kifaa kimoja, akaichomeka katika kingine, na madirisha yake yakamfuata.