Gamba la Chuma na Unga wa Kukwangulia: Usafishaji wa Chuma cha Kiwandani katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Historia ya chuma nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata tanuri kuliko fuawe. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu Buhaya, uliochapishwa mwaka 1978, pamoja na tafiti za matanuri marefu ya Ufipa, umeupa uyeyushaji wa mawe ya chuma hadhi ambayo kazi ya kila siku ya mhunzi haijaipata. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, mkabala huo haumfikishi mtafiti mbali. Chuma kinachofuliwa huko ni msumari, springi ya gari na vipande vya zana za kilimo. Kiwanda kimekwisha kukiyeyusha na kukipitisha kati ya rola. Swali linalostahili kuulizwa basi linahusu uso wa chuma hicho: ni nani aliyeusafisha, wapi, na kwa gharama gani?

Chuma kinapopashwa moto hadi kuwa chekundu, oksijeni ya hewani hukivisha gamba. Juu ya nyuzi 570 hivi za sentigredi, gamba hilo huwa na tabaka tatu za oksidi: ustaiti iliyoshikana na chuma chenyewe, magnetaiti katikati, na hematiti kwa nje. Ukanda wa chuma uliobanwa na rola ungali wa moto hutoka kiwandani ukiwa na ngozi hiyo ya rangi ya kijivu iliyokolea. Ngozi hii ni ngumu lakini haipindiki, hivyo hupasuka, maji yakapenya na kutu ikaanza chini yake. Rangi na zinki hazishiki vema juu yake. Kwa mhunzi hasara ni ya namna nyingine: gamba lisiloondolewa hushindiliwa na nyundo ndani ya chuma laini na kuacha vishimo.

Viwanda kwa muda mrefu vililiondoa gamba kwa asidi ya salfuriki, baadaye kwa asidi ya haidrokloriki, na hivyo kujizalishia tatizo la maji machafu. Njia ya pili ilipata msukumo mwaka 1870, Benjamin Chew Tilghman wa Marekani alipopata hataza ya kurusha mchanga kwa nguvu ya mvuke au hewa. Katika kusafisha ukanda, chuma kwanza hupindwa juu ya rola ili gamba livunjike, kisha unga wa chembe ngumu hurushwa au kusuguliwa kwenye nyuso zake zote mbili. Asidi haihitajiki. Hata hivyo, mchanga wa silika ulipovunjikavunjika ulitoa vumbi laini lililoharibu mapafu ya wafanyakazi kwa ugonjwa wa silikosisi, na mwaka 1949 Uingereza ilipiga marufuku kuutumia katika kusafisha vyuma vya kalibu kwa namna hiyo. Chembe za chuma zikachukua nafasi yake.

Historia hiyo ya mbali inafika Mbulu ndani ya msumari. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe hufua vichwa vya mishale kwa kuuponda msumari ukiwa baridi, ufundi ulioelezwa pia katika kazi ya James Woodburn ya mwaka 1970 kuhusu vifaa vyao. Msumari hutengenezwa kwa waya, na waya hauwezi kuvutwa vizuri kabla ya gamba kuondolewa, kwa kuwa gamba hukwaruza tundu la kuvutia. Kwa hiyo mwindaji hupokea chuma ambacho usafishaji wake ulikwisha kufanywa na watu asiowajua. Naye, kwa kuwa hatumii moto, haongezi gamba jipya. Kusema kwamba kufua bila moto ni ufundi duni ni kusahau jambo hili.

Hali ya mhunzi wa Kidatoga ni tofauti. Springi ya gari ni bapa la chuma gumu lisilokubali kufuliwa baridi. Sharti liingie katika makaa, na kila linapoingia hutoka na gamba jipya. Sehemu kubwa hupukutika kwa mapigo ya nyundo. Kinachosalia, kama ilivyo kwa wahunzi wengi wa Afrika Mashariki, hukwanguliwa kwa tupa, kwa jiwe, au kwa mchanga na majivu. Lugha ya Kiswahili yenyewe inatunza kumbukumbu ya ufundi wa jamii hii: msasa ulikuwa mti wenye majani ya kukwaruza kabla haujawa karatasi ya dukani.

Kazi hiyo ina bei ya kijamii. Miongoni mwa Wadatoga, wahunzi ni ukoo wa pekee, Gidang'odiga, wanaooana wao kwa wao. George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wabarabaig, aliwaeleza kama kundi lililotengwa na wafugaji, ingawa mikuki na bangili za wafugaji hao zilitoka mikononi mwa wahunzi. Yaani kilichotakiwa ni chuma kinachong'aa, na aliyebaki na jivu na vumbi hakutakiwa ukweni. Vumbi la viwanda vya Ulaya lilipata angalau kanuni. La fuawe ya kijijini halijapata hata jina katika maandishi ya afya kazini.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 chuma kingi zaidi kiliingia Hanang kwa njia nyingine. Mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada, chini ya shirika la NAFCO, ulifungua mashamba saba katika nyanda za Basotu, jumla ya ekari 100,000 hivi, nyingi zikiwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki na kupata ushindi Mahakama Kuu, lakini katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani iliutengua. Mjadala wa kisheria umeandikwa vya kutosha. Kilichopuuzwa ni zana zenyewe. Sahani ya jembe la trekta huingia shambani ikiwa imevikwa rangi, na mara nyingi chini ya rangi limo gamba lililobaki baada ya kuchomwa na kukazwa kiwandani. Udongo huikwangua kwa kila mfuo, kwa namna ileile ambayo unga wa chembe ngumu hukwangua ukanda wa chuma, mpaka ukingo wake unang'aa kama kioo huku kitovu kikibaki cheusi. Ardhi ya malisho ya Wabarabaig ndiyo iliyozisafisha sahani hizo. Sahani inapokwisha kazi huwa chuma chakavu, na chuma chakavu cha aina hiyo ni malighafi ya mhunzi. Akitia kipande chake katika makaa, ule mng'ao wa shambani hufunikwa na gamba ndani ya dakika chache.