Maandamano

Neno maandamano, ambalo tangu Juni 2024 halibanduki vinywani mwa watu, kuanzia Nairobi hata huku Marereni penye mashamba ya chumvi, asili yake ni kitenzi kuandama, yaani kufuata. Na wenyeji wa pwani husema mwezi umeandama ionekanapo hilali, ilhali mtu asiyepewa nafasi na wadai wake husemwa kuwa ameandamwa. Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha kutendana hupatikana kuandamana, watu wakafuatana, huyu nyuma ya yule, kama ilivyo katika arusi na zefe za Maulidi.

Basi vijana walioupinga Mswada wa Fedha wa 2024, wakaingia Bungeni tarehe 25 Juni, siku ambayo watu kadhaa waliuawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi, walijinadi kuwa hawana kiongozi wala kabila wala chama. Wako wazee waliowacheka kwa hilo. Mimi naona sarufi iko upande wa vijana, kwani katika kuandamana hatajwi wa mbele. Kinyume chake, Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasiwatii Waingereza, hakuwa kijana, nao walimfuata yeye. Huko ni kuandama hasa.

Ama ile maana ya kusakama, ya mtu na wadai wake, baada ya Juni iliwafika vijana wenyewe, baadhi yao wakiandamwa hata majumbani na kutekwa na watu wasiovaa sare.